Chumba cha Utulivu na Swali la Haki

Katika miaka ya 1970, Jan Hulsegge na Ad Verheul, waliokuwa wakifanya kazi katika kituo cha De Hartenberg nchini Uholanzi, waliandaa vyumba kwa ajili ya watu wenye ulemavu mkubwa wa akili na kuviita snoezelen, jina lililoundwa kwa maneno mawili ya Kiholanzi, moja la kunusanusa na jingine la kusinzia. Ndani yavyo mwanga ni hafifu, mapovu hupanda polepole katika mrija wa maji na sakafu hutandikwa magodoro. Lakini kiini cha snoezelen si vifaa hivyo, bali ni kanuni kwamba anayeingia ndiye achaguaye aguse nini na akae muda gani, naye mhudumu humfuata bila kumfundisha wala kumpima.

Hisi kali, yaani hali ya mtu kuumizwa na mwanga, mguso au sauti ambazo wengine huzivumilia kwa urahisi, mara nyingi huhesabiwa kuwa kasoro ya mwenye nazo, na chumba cha utulivu kama hicho huonekana kuwa dawa yake. Hoja hiyo ni dhaifu, kwa sababu kelele ya darasa lenye kuta tupu na paa la bati, ambamo mvua ikinyesha hata mwalimu hasikiki, ni kazi ya wajenzi, si ya maumbile ya mtoto. Chumba cha utulivu ni haki, ila haki hiyo huharibika pale mtu anapopelekwa humo ili wengine wasimwone. Wanaopanga shule mpya wanaombwa waanze na kuta na paa, kisha wajenge chumba ambacho mlango wake hufunguliwa na aliye ndani.