Makumbusho Si Mahali pa Kupita Mbio

Basi la shule liliwashusha watoto mbele ya Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, Dar es Salaam. Hata saa moja haikuisha, walikuwa wamesharudi vitini. Ndani, binti mmoja alikuwa amesimama mbele ya fuvu la Zinjanthropus, pua ikikaribia kugusa kioo, akiyahesabu magego kimoyomoyo. "Madam, mbona meno yake makubwa hivi?" Mwalimu akamshika mkono. Twende, wenzako wameshatoka, hayo utayasoma shuleni.

Atayasoma wapi? Kitabuni kuna mstari mmoja wa mwaka na jina. Jibu la swali lake lilikuwa palepale. Kiumbe yule aliishi miaka takriban milioni 1.75 iliyopita, na alitegemea mimea iliyohitaji kutafunwa sana. Ukiangalia utosini utaona ukingo wa mfupa. Misuli mizito ya taya ilijishikiza hapo. Mtafiti Mary Leakey ndiye aliyeliona fuvu hilo katika Bonde la Olduvai, tarehe 17 Julai 1959, mumewe Louis akiwa amelala kambini anaumwa. Lilikuwa vipande vipande, likaunganishwa kwa subira. Dakika tano zingetosha kumweleza mtoto yote hayo, na angeyabeba hadi uzeeni.

Wapo watakaosema kutalii ni kazi ya watalii; mwenyeji ana kodi ya nyumba na ada ya kuwaza. Hoja hiyo ina uzito, maana nauli ya familia nzima si mchezo. Lakini kiingilio cha raia ni kidogo kuliko cha mgeni, na wengi wanaotoa hoja hiyo wana Jumapili za kukaa Coco Beach hadi giza liingie. Muda wanao. Wanachokosa ni mazoea ya kuona kwamba vitu hivi ni vyao.

Na siku ya namna hiyo haihitaji gari. Ukitoka makumbusho unavuka tu, unaingia Bustani ya Mimea iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1893. Kuna vivuli na mabenchi, na tausi hupita bila kumwogopa mtu. Hapo ndipo pa kula maandazi na kuwaacha watoto wabishane.

Kisha Mtaa wa Samora hadi Sanamu ya Askari. Maelfu huizunguka kila siku ndani ya daladala na wachache huisoma. Ilizinduliwa mwaka 1927, mahali ilipokuwa sanamu ya gavana wa Kijerumani, Hermann von Wissmann, ambayo Waingereza waliiondoa. Askari wa shaba ameelekeza singe yake bandarini. Chini yake kuna Kiingereza, na kuna Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kirumi na za Kiarabu. Wanakumbukwa Waafrika waliopigana Vita Kuu ya Kwanza pamoja na wapagazi waliobeba mizigo ya vita hivyo. Mpagazi alikufa kwa maradhi na njaa katika ugomvi wa Wazungu, kisha akapewa nafasi kwenye jiwe la pamoja bila jina lake. Mtoto akiuliza kwa nini, mzazi asimame amjibu, hata kama jua ni kali.

Karibu na bandari kuna Boma la Kale, la mawe ya matumbawe, lililojengwa miaka ya 1860 wakati Sultani Majid wa Zanzibar alipoanza kuupanga mji huu. Kuta zake nene hupoza joto la mchana, na mlango wake wa kuchongwa unastahili kuangaliwa ua kwa ua.

Shule zinazopanga safari za muhula ujao zipunguze vituo. Chumba kimoja cha makumbusho kwa asubuhi nzima, daftari mkononi, na mwalimu aliyekwenda kukiangalia peke yake wiki moja kabla. Kama ratiba hairuhusu hivyo, ni ratiba ndiyo ya kubadilishwa.