Pumziko la Moyo

Ukishuka feri upande wa Likoni, kuna mwinuko wa kupanda kabla hujafika kwenye matatu. Juzi niliupanda mbio mbio, nikaingia zahanati kupimwa presha huku kifua kinanipwita. Muuguzi, binti wa rika la mwanangu, alinitazama, akakiweka kifaa mezani. “Kaa kwanza, mzee wangu. Moyo wako bado uko kwenye feri.”

Nikakaa. Baadaye akanifunga kile kitambaa juu ya kiwiko, kikajaa upepo, kikanibana mpaka vidole vikaingia ganzi, kisha kikalegea taratibu. 124 juu, 78 chini.

Namba ya juu ndiyo tunayoiulizia sote: ni nguvu ya damu kwenye kuta za mishipa moyo unapojikaza. Mimi iliyonishangaza ni ya chini. Moyo umelegea, hausukumi kitu, na bado nguvu ipo! Inatoka wapi? Mwenyezi Mungu ameujalia mshipa mkuu kutanuka kama mpira. Moyo ukipiga, mshipa huvimba ukapokea damu. Moyo ukilegea, mshipa hujirudi, na kwa kuwa vali nyuma imeshajifunga, damu haina budi kwenda mbele. Ndiyo maana haisimami hata moyo ukiwa mapumzikoni.

Kazi yenyewe si ndogo. Moyo una ukubwa wa ngumi ya mwenyewe, na husukuma kiasi cha lita 5 kila dakika. Kwa siku ni lita 7,200, yaani mitungi 360 ya lita 20. Mwulize kijana wa mkokoteni anayeuza maji Kisauni itamchukua safari ngapi. Kule Changamwe nako, tangu 1978 mafuta husukumwa kwa bomba mpaka Nairobi, kilomita zipatazo 450, na hizo pampu zina mafundi na vipuri, na huzimwa zikatengenezwa. Moyo hupiga mara 100,000 hivi kwa siku, na haujapata kuzimwa tangu ulipoanza tumboni mwa mama, mara nyingi kabla mama mwenyewe hajajua kama ana mimba.

Basi hupumzika saa ngapi? Baina ya pigo na pigo. Mtu akiwa ametulia, pigo zima huchukua kama sekunde 0.8; kujikaza ni sekunde 0.3 tu, kulegea ni 0.5. Zaidi ya nusu ya muda wake, moyo umepumzika. Na hapo ndipo unapokula. Unapojikaza huibana mishipa inayoulisha wenyewe. Ukilegea ndipo sehemu kubwa ya riziki yake hupita. Kama mama mwenye nyumba, humpakulia kila mtu kwanza, kisha ndiyo ajikumbuke. Subhana Llah.

Ukikimbia, kinachopunguzwa zaidi ni lile pumziko. Presha ikikaa juu miaka na miaka, ukuta wa chumba cha kushoto cha moyo huwa mnene kwa kushindana nayo, na mara nyingi mwenyewe hasikii maumivu yoyote. Atajua kwa kupimwa tu.

Nawe ukienda kupimwa, usiingie na mbio za feri. Kaa dakika tano, egemeza mgongo, miguu iguse sakafu, mkono uulaze mezani, na simu uiache mfukoni.