Saumu Isiyo na Niya

Dini mbili zenye wafuasi wengi kwetu zimeijua njaa ya hiari kwa karne nyingi na kuifanya ibada, walakini hakuna hata moja iliyoona vema kumtwisha mtoto mdogo fardhi hiyo. Sheria ya Kiislamu haimlazimishi saumu ya Ramadhani ila aliyebaleghe, mwenye akili timamu. Na Kanisa Katoliki, katika kanuni zake za mwaka 1983, limeweka wajibu wa kufunga kwa aliyetimiza miaka 18, na kuacha nyama kwa aliyetimiza 14. Wanavyuoni wa pande zote mbili walitaka watoto wajifunze subira, lakini walijua pia kwamba kufunga ni kazi ya nafsi iwezayo kukusudia, na ya kuwa pasipo niya mtu hubakiwa na njaa tupu. Kwa haki gani, basi, mzazi wa leo humfungisha binti wa miaka 12, si kwa ajili ya Mola wala kwa amri ya tabibu, bali kwa kuwa sketi ya shule imeanza kumbana?

Niliketi Jumapili moja katika sebule ya watu Ruiru, baada ya ibada, nikamwona binti wa makamo hayo akinyoosha mkono kuchukua chapati ya pili kutoka kwenye hotipoti. Shangazi yake, ambaye bila shaka anampenda, akasema mbele ya wageni: “Mami, si umenona! Hiyo ni ya ngapi?” Binti akairudisha chapati, akafunika hotipoti taratibu, akasema ameshiba. Baadaye nilipopeleka vyombo jikoni nilimkuta akiila chapati ileile, amesimama, ameupa mlango mgongo, akimeza kwa haraka kama mtu anayefukuzwa.

Uzito wa jambo hili hauko katika chapati. Mtoto yule alifundishwa kuusemea mwili wake uongo hadharani, na kuutii kwa siri na kwa aibu. Na mwili wenyewe, katika umri ule, unatenda ulioamriwa kutenda, kwa maana baleghe humwongezea msichana kimo, mifupa na mafuta, na pamoja na hayo njaa ambayo hakuijua alipokuwa na miaka minane. Anayeikemea njaa hiyo anakemea ukuaji. Yuko mtoto ambaye maradhi yake, kama kisukari, yanahitaji mpango maalumu wa chakula, lakini huyo ni wa tabibu, si wa shangazi.

Je, tukimwachia mtoto tumbo lake, hataangamia kwa smoki na viazi karai vya stejini? Khofu hii ni ya haki, hasa katika Ruiru, mji ambao tangu kufunguliwa kwa barabara kuu ya Thika mwaka 2012 umejaa majumba ya ghorofa, na kina mama warudio kutoka kazini Nairobi usiku, ilhali mtoto amekwisha kula cha barabarani. Mwaka 1939 tabibu wa Marekani, Clara Davis, alichapisha khabari za watoto 15 aliowaachia wajichagulie chakula tangu walipoachishwa ziwa. Walistawi wote, hata mmoja aliyekuja na matege alijinywea mafuta ya samaki kwa hiari yake mpaka akapona, kisha akayaacha. Lakini Davis mwenyewe aliwatahadharisha wasomaji kwamba siri ilikuwa katika orodha: walikuwa na nyama, mayai, maziwa, nafaka, mboga na matunda, bila sukari wala unga uliokobolewa wala vyakula vya kopo. Wakubwa walichagua kitakachoandaliwa, watoto wakachagua kiasi.

Hapo ndipo naona mpaka wa haki. Meza ni amana ya mzazi: kwamba githeri ipikwe, ambayo maharage yake hukamilisha upungufu wa mahindi, kwamba managu au terere iwepo, na ikikataliwa leo iletwe tena kesho bila hotuba, kwamba saa ya kula ijulikane. Kiasi ni cha mtoto. Na ajuaye kwa yakini kwamba chakula kitakuja hana sababu ya kukivamia.

Yakini hiyo imejengwa Ruiru kwa mfano ulio wazi. Mwaka uleule wa 2012, Wawira Njiru, mwenyeji wa mji huo aliyesomea lishe Australia, alianza kuwapikia watoto 25 wa shule chakula cha mchana; hiyo ndiyo asili ya shirika la Food for Education, ambalo katika shule za umma za Nairobi, kwa mpango wa Dishi na County ulioanza 2023, mzazi huchangia shilingi 5, na mtoto hugusisha bangili yake kwenye kifaa, akapewa sahani. Bangili haimpimi kiuno. Katika nchi ambayo uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 uliona watoto 18 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa, naona hiyo ni adabu kubwa.

Mtu ataniletea hoja ya Imam Ghazali, aliyeandika katika kitabu chake cha Ihya kwamba mtoto afundishwe kula kwa mkono wa kulia, asiwatangulie wenziwe, asikazie macho chakula, atafune vema, na tena ulaji mwingi ulaumiwe mbele yake. Nakiri ameandika. Ila alichokilaumu ni uroho, yaani tendo, wala hakumfunza mlezi kumtahayarisha mtoto kwa umbo alilopewa na Muumba. Na Imam huyohuyo alitaka mtoto, akitoka chuoni, aruhusiwe mchezo mzuri, kwa kuwa kumnyima mchezo huua moyo wake. Wasia huo hatuutaji. Mwenye nyumba aliyejenga ghorofa sita Ruiru, akageuza ua wote kuwa maegesho ya magari, pasibaki hata pa kuruka kamba, amewadhuru watoto wa jengo zima kuliko chapati zote za Jumapili. Na wazazi wanaolipa kodi pale wana haki ya kumwendea kwa pamoja wakadai nafasi ile, kabla hawajamwambia binti yeyote apunguze kula.