Maji Tuliyoyalipia Ni ya Nani?

Jambo tutakalolizungumza juma hili laweza kuonekana dogo, hata msomaji akajiuliza kama lastahili nafasi katika ukurasa huu. Ni habari ya kuosha gari nyumbani. Wengi wa wasomaji wetu hawana gari, nao yamkini wataka kugeuza ukurasa. Twawaomba wasubiri kidogo, maana habari hii yawahusu wao pengine kuliko wenye magari.

Siku hizi zimeenea mijini mashine ndogo za umeme zinazosukuma maji kwa nguvu nyingi. Huuzwa pamoja na vyombo vyake: bunduki ya kushika mkononi, pua za namna mbalimbali, chupa ya kutolea povu, brashi ya magurudumu, na mpira wa mita kadhaa. Zamani mashine za jinsi hii zilikuwa za viwanda na gereji. Mjerumani Alfred Kärcher aliunda mashine ya kwanza katika Ulaya yenye kutumia maji ya moto mwaka 1950. Na mwaka 1984 kampuni yake ikatoa mashine ndogo ya kubebeka kwa matumizi ya nyumbani. Kampuni hiyohiyo ndiyo iliyoisafisha sanamu ya Kristo Mkombozi kule Rio de Janeiro mwaka 1980, na miaka ya baadaye nguzo zinazouzunguka uwanja wa Mtakatifu Petro huko Roma. Basi hatuna nia ya kukilaumu chombo. Sisi wenyewe tunacho kimoja, nacho twakipenda, na hapo ndipo shida yetu ilipoanza.

Yalitukia mwishoni mwa mwaka 2022, wakati wa mgao wa maji katika Dar es Salaam. Mvua zilikuwa haba, Mto Ruvu ukapungua, na kwa kuwa sehemu kubwa ya maji ya jiji hutoka katika mto huo, mitaa mingi ilikaa siku nyingi bila tone. Sisi tulikuwa na tangi uani, nalo lilikuwa limejaa siku ya zamu yetu. Jumamosi asubuhi tulichomeka umeme, tukafunga mpira kwenye bomba la uani, ambalo ndilo la pekee lililokuwa nje ya nyumba, tukaanza kuosha gari. Tulikuwa tumekwisha kulifunika lote kwa povu, jeupe kama sufi, binti wa jirani alipoingia na ndoo mbili. Alituamkia kwa adabu: "Shikamoo, baba. Mama anaomba maji." Tukaitikia, tukamwambia, "Subiri kidogo, mwanangu, povu lisije likakauka."

Naye akasubiri. Kila aliyewahi kutumia povu hilo ajua kwamba likikaukia juani huacha madoa juu ya rangi, na kuyaondoa ni kazi kubwa. Kwa hiyo tulisuuza paa, tukasuuza vioo na milango, kisha magurudumu manne moja baada ya jingine, tukainama kusuuza uvungu. Mtoto yule aliifudikiza ndoo moja, akaikalia, akawa akiyatazama maji yanavyompita miguuni kuelekea mferejini. Hakusema neno. Tulipokwisha tuliufungua mpira, tukamjazia ndoo zake, akashukuru na kwenda zake. Hakuna aliyetulaumu, wala sisi hatukujilaumu kwa saa ile. Ni usiku tu, tulipolala, ndipo jambo lile liliporudi. Na kilichotusumbua ni kwamba sababu tuliyompa mtoto ilikuwa ya kweli. Povu lingekauka kweli. Rangi ingepata madoa kweli. Kweli hizo mbili ziliwekwa mizanini pamoja na mahitaji ya nyumba isiyo na maji, zikashinda, na sisi hatukutambua hata kidogo kwamba tulikuwa tunapima kitu.

Tangu siku hiyo tumelizungumza jambo hili na rafiki zetu wenye magari, nao wametupa hoja zao. Yafaa tuzitazame bila hila.

Hoja ya kwanza, nayo ni ya haki, yasema kwamba mashine hutumia maji machache kuliko mpira wa kawaida. Mpira ulioachwa wazi waweza kumwaga lita 15 kwa dakika, na zaidi panapokuwa na nguvu ya kutosha. Mashine ya nyumbani hutoa lita kama 6 hadi 8, nayo hukoma mara kidole kinapoachia. Siri yake si wingi wa maji bali msukumo, ambao wapita zaidi ya mara 40 ule wa upepo uliomo ndani ya tairi la gari dogo. Aoshaye kwa mpira wazi kwa dakika 20 amemwaga lita 300, yaani ndoo kubwa 15. Aoshaye kwa mashine, akiibana bunduki dakika 10 kwa jumla, ametumia lita kama 70. Kijana hodari mwenye ndoo na kitambaa aweza kumaliza kazi kwa ndoo 3, yaani lita 60.

Hesabu hiyo yaisifu mashine, wala hatuipingi. Lakini yeyote aliye nayo ajua kwamba haiishii kwenye gari. Gari likisha kutakata, matofali ya uani huonekana machafu kuliko yalivyoonekana jana. Baada ya matofali, ngazi. Baada ya ngazi, ukuta wenye ukungu wa kijani, viti vya plastiki, banda la mbwa, na mwisho viatu vya watoto vilivyopangwa mstari. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kufikiri kuosha ukuta kwa ndoo. Dakika 10 huwa 40, na ndoo 3 na nusu huwa 14. Maji yaliyookolewa kwenye gari yamekwenda ukutani.

Hatusemi kwamba gari liachwe na uchafu. Gari ni mali ya jamaa nzima, mara nyingi limenunuliwa kwa mkopo utakaolipwa miaka kadhaa, na kulitunza ni sehemu ya uaminifu wa baba au mama mwenye nyumba. Anayekaa pwani ajua chumvi inavyokula vyuma vya uvungu, na anayesafiri njia za udongo ajua tope likiziba taa na vioo laweza kuua watu usiku. Hapo mashine ni msaada mkubwa, kwa maana hufika mahali mkono usipofika. Atumiaye aanze kwa kusuuza mchanga wote kabla ya kugusa rangi kwa kitambaa, maana mchanga chini ya kitambaa ni msasa. Atumie pua yenye kuyatandaza maji, si ile inayoyakusanya kama sindano; asikaribie rangi wala matairi kwa chini ya sentimeta 30; asielekeze maji kwenye nyaya za injini wala mapezi ya rejeta. Na afanye kazi kivulini. (Laiti sisi tungalifanya hivyo siku ile, povu lisingalikuwa na haraka ya kukauka.)

Huo ndio usafi ambao gari lastahili. Upo usafi mwingine, wa kila Jumamosi, ambao si wa gari bali ni wa macho ya watu. Twajua jinsi magari yanavyopangwa mbele ya kanisa Jumapili, na twajua macho yetu yanavyotazama baada ya Misa. Kupenda kitu king'ae si dhambi. Tofauti kati ya usafi huu na ule wa kwanza ni rahisi kuiona kisima kinapokauka: ule wa kwanza hauwezi kungoja sana, lakini huu waweza kungoja hata mvua inyeshe. Siku ile gari letu halikuwa na chumvi wala tope. Lilikuwa na vumbi.

Hoja ya pili ndiyo nzito, nayo husemwa kwa sauti kubwa zaidi: "Maji haya nimeyalipia. Mita ni yangu, bili ni yangu, tangi ni langu." Twakubali kwamba mtu anayelipa bili yake kwa wakati hutenda haki, na laiti wote wangefanya hivyo. Lakini bili hiyo yalipa nini? Yalipa mitambo, mabomba, dawa ya kuyasafisha, umeme wa pampu, na mishahara ya mafundi. Haiilipi mvua inyeshayo juu ya milima ya Uluguru, ambako Mto Ruvu huanzia. Hiyo haikupata kuuzwa na mtu. Tena yule asiye na bomba hulipa pia. Akinunua dumu la lita 20 kwa mchuuzi, mara nyingi kila lita humgharimu kuliko imgharimuvyo mwenye mita. Ikiwa kulipa ndiko kunakompa mtu haki ya kwanza, basi yule mama aliyemtuma binti yake angekuwa mbele yetu katika mstari.

Mtakatifu Tomaso wa Akwino alilipambanua jambo hili katika karne ya 13. Alifundisha kwamba ni halali mtu kupata mali na kuisimamia kama yake, kwa kuwa kila mtu hutunza vizuri zaidi kilicho chake. Lakini katika kuitumia imempasa kuihesabu kama ya wote, awe tayari kumgawia mwenye shida. Fundisho hilo halikuliondoa tangi mikononi mwetu. Lilituachia tangi pamoja na ufunguo wake, likatuuliza habari za bomba.

Kuna nchi ambako swali hili hujibiwa na sheria. Katika Cape Town, ukame ulipozidi mwaka 2018, kila mtu alihesabiwa lita 50 kwa siku kwa mahitaji yake yote, na kuosha gari kwa maji ya kunywa ya mji kulikatazwa kabisa, kwa tajiri na kwa maskini. Hakuna aliyeulizwa kama amelipa. Katika miji mingi ya Ujerumani hairuhusiwi kuosha gari kwenye ua wa udongo, hata mwaka wa mvua tele, kwa kuwa mafuta na masizi ya breki hushuka ardhini na kuyaharibu maji ya wengine. Amri za namna hiyo zina faida yake. Walakini askari hawezi kusimama uani kwa kila mtu Jumamosi asubuhi, na mambo mengi ya aina hii huamuliwa na mtu mmoja mwenye bunduki ya maji mkononi, mke na watoto wakiwa bado wanakunywa chai.

Liko jambo moja zaidi, ambalo rafiki zetu hawakulitaja, wala sisi hatukulikumbuka upesi. Kabla ya kununua mashine, gari letu lilioshwa na kijana wa mtaani aliyekuja na kitambaa na ndoo zake mbili, akalipwa. Mashine ilipofika, hatukumwambia lolote. Alikuja Jumamosi ya kwanza, akasikia mlio, akasimama kidogo getini, akaondoka. Hatuungani na wale wasemao kwamba mashine zikataliwe ili maskini wapate kazi. Kwa shauri hilo tungekuwa bado twasaga nafaka kwa mawe. Tena baba aoshaye gari kwa mikono yake, watoto wakimsaidia kufuta vioo, afanya vizuri. Lakini mtu aliyekutumikia miaka miwili hustahili japo kuambiwa uso kwa uso. Ingewezekana pia kumfundisha mashine yenyewe, kwa sharti la kumpa viatu vya kufunika vidole na miwani, maana maji hayo yakigusa mwili kwa karibu huweza kutoboa ngozi na kuingia ndani. Kidonda chake huonekana kidogo kama cha mwiba, kumbe chataka daktari saa hiyohiyo. Kwa sababu hiyo bunduki hiyo si ya kuchezewa na watoto, hata kama wataililia.

Kijana huyo tulimtafuta baadaye. Alikuwa amepata kazi mahali pengine, na alitusalimu bila kinyongo, jambo ambalo halikutupunguzia uzito.

Mgao ulipokwisha tulimwita fundi, akatuwekea bomba la pili uani, karibu na geti, ambapo mpira wa mashine haufiki. Binti yule na wenzake huchota hapo maji ya mtaa yanapokatika, nasi hatuwaambii tena wasubiri. Jirani zetu wametusifu kwa bomba hilo. Twazipokea sifa zao kwa shida kidogo, kwa sababu tulipokuwa twalipana na fundi hatukuwa na hakika, na hata leo hatuna, kama tuliliweka kwa ajili ya mtoto yule, ama kwa ajili ya kuosha gari pasipo mtu wa kututazama.