Bwana Hakuuliza Nani Amemloga Mtoto

Masomo: Marko 9:14–29, Mathayo 17:14–18, Luka 9:37–43



Juma hili mwezi ulikuwa mpevu. Waliotoka mkesha wa Ijumaa waliuona ukiwa juu kabisa, karibu na utosi, na barabara za Yeoville zikang'aa kama mchana. Hakuna ajabu hapo. Mwezi mpevu husimama upande wa pili wa jua. Sasa ni majira ya baridi, jua la Johannesburg linapita chini, kwa hiyo mwezi unapita juu na kukaa angani muda mrefu. Mvua hakuna, mawingu hakuna. Ni taa ya Mungu, ile aliyoiweka itawale usiku.

Lakini pamoja na mwanga huo hofu nayo imerudi. Kwenye simu zetu kuna sauti zinazosambazwa kutoka nyumbani: usianike nguo za mtoto nje usiku, wanaoruka wako kazini, kuna mtu wa ukoo anakufunga usipate makaratasi. Ukipita Park Station unapewa kikaratasi cha daktari anayerudisha mume, kazi na bahati kwa siku moja. Tusisingizie wenyeji peke yao. Wengine wanaotafuta wateja kwa vikaratasi hivyo wanaongea Kiswahili chetu.

Kwa ruhusa ya familia inayohusika, tuseme jambo lililotokea kati yetu. Mtoto wa miaka tisa alianguka usiku, akatetemeka na kutoa povu. Baada ya wiki kadhaa akaanguka tena, na usiku ule pia mwezi ulikuwa mkubwa. Nyumbani mwao alikuwa anakaa bibi yake, mama mzaa baba, aliyefika kutoka Uvira mwaka uliotangulia. Bibi huyo halali vizuri. Huamka saa tisa za usiku, akakaa jikoni akiomba kwa sauti ya chini. Mtumishi mmoja aliyealikwa akasema anaona "mtu mzima ndani ya nyumba". Hakutaja jina, na wala hakuwa na haja. Akataka sadaka ya ukombozi, akaondoka. Kesho yake sahani ya bibi ikatengwa, na kabla ya juma kuisha alikuwa mlangoni kwa jirani akiwa na begi moja, baridi ya Juni ikimpiga.

Sisi wazee wa kanisa tulisikia. Tulinyamaza kwa siku kumi na moja. Tulisema ni mambo ya familia. Tunaungama mbele yenu: ile haikuwa hekima, ilikuwa hofu. Tulihofia kwamba tukimtetea, watu wangesema sisi nasi tuna jambo.

Sasa tusome Injili. Baba anamleta mwanawe kwa Yesu. Mtoto huanguka motoni na majini. Biblia yetu kwa Mathayo inasema ana kifafa, lakini neno la Kiyunani lililotumika hapo limetoka kwenye neno "mwezi". Watu wa zamani waliamini ugonjwa ule ni kupigwa na mwezi. Kwa hiyo huyu ni mtoto wetu kabisa, na maneno yanayosemwa juu yake ndiyo yale ya kwetu.

Angalieni Bwana anauliza nini. Katika Marko 9:21 anamuuliza baba: ni tangu lini mtoto anapatwa na haya? Hakuuliza nani amemloga. Hakuuliza bibi yake analala wapi. Umati umejaa pale, shangazi na majirani wamo, na Yesu hamnyoshei kidole hata mmoja. Anauliza swali la mtu anayetaka mtoto apone. Halafu Luka anaongeza jambo dogo linalotugusa sana: alipomponya, alimrudisha kwa baba yake. Uponyaji wa Yesu ulimrudisha mtu nyumbani. Wa kwetu ulimtoa bibi nje.

Swali la "nani" linaua, kwa sababu linaziba swali la "nini". Kila majira ya baridi hapa Gauteng kuna watu wanaokutwa asubuhi wamekufa, mlango umefungwa, hawana jeraha. Majirani husema wamelogwa. Kumbe waliingiza mbaula ya makaa chumbani na kufunga madirisha. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu husinzia tu, na haamki tena. Tukishamtafuta mchawi, baridi ijayo mbaula itaingia chumba kingine.

Kuna atakayesema, "Lakini Kutoka 22:18 inaagiza nini juu ya mchawi?" Tunaijua aya hiyo. Hatusemi kwamba nguvu za giza hazipo. Biblia inazitaja, na Bwana alizifukuza. Lakini Kumbukumbu la Torati 18 inamweka mpiga ramli kwenye orodha moja na mchawi. Anayekwenda kwa mwenye kuona ili ajue nani amemroga amekwisha kuvuka mpaka ule ule anaosema anaulinda. Na Paulo katika Waefeso 6:12 anatuambia kushindana kwetu si juu ya damu na nyama. Bibi ni damu na nyama. Mtoto ni damu na nyama. Hao si uwanja wetu wa vita.

Njia hii tunajua inakofikia. Kisii, Kenya, Mei 2008, watu 11, wengi wao wazee, walichomwa moto na majirani waliowaita wachawi. Huku Limpopo mauaji ya namna hiyo yalizidi hata serikali ikaunda tume ya Profesa Ralushai, iliyotoa ripoti yake mwaka 1996. Kongo, sheria ya ulinzi wa mtoto ya 2009 inamwadhibu anayemwita mtoto mchawi. Hapa Afrika Kusini sheria ya 1957 inalifanya kosa kumtaja mtu kuwa mchawi. Serikali hizi hazijaokoka, ila zimeona damu. Je, sisi tuliookoka tunangoja kuona nini?

Mkumbuke pia Bwana wetu mwenyewe alishtakiwa hivyo. Katika Mathayo 12:24 wakubwa walisema anafanya kazi kwa Beelzebuli. Na Pasaka ya Wayahudi huwa katikati ya mwezi, mbalamwezi ikiwa imekamilika. Kwa hiyo usiku ule waliomjia Gethsemane na rungu na mienge walimkamata chini ya mwezi mpevu. Ilikuwa baridi pia: Yohana 18:18 inasema watu waliwasha makaa, na Petro akasimama akiota moto huku akimkana rafiki yake. Tunamjua Petro huyo. Ndiye sisi kwa zile siku kumi na moja. Kundi linapomjia mzee usiku, Yesu hayumo kati ya wenye rungu. Yuko pale alipokuwa, kwa yule anayeshikwa.

Yule mtoto hatimaye alipelekwa kliniki, akapewa rufaa hospitali, na sasa anameza dawa za kifafa asubuhi na jioni. Tunaendelea kumwombea. Kuomba na kumeza dawa havigombani. Bibi bado yuko kwa jirani. Mwanawe amekwenda mara mbili kumwomba msamaha. Mara ya pili alimfungulia mlango.

Basi tunakubaliana haya. Katika kanisa hili hakuna mtu, awe mgeni au mhubiri, atakayetaja au kudokeza kwamba mtu fulani ni mchawi. Mtoto akianguka au akikonda, tunaomba siku hiyo hiyo na kliniki tunakwenda siku hiyo hiyo. Tunajua kliniki nyingine wageni wanazuiwa getini, kwa hiyo mtu asiende peke yake. Waambieni wazee, tutasindikizana. Mbaula ibaki nje. Na leo baada ya ibada, kabla ya chai, bibi atakuwa benchi la nyuma kama kawaida yake. Asitoke bila kushikwa mkono.

Tuombe. Ee Bwana, uliyeufanya mwezi utuangazie, utuondolee hofu inayotutafutia adui ndani ya nyumba. Utusamehe kunyamaza kwetu. Waponye watoto wetu, na uwarudishe wazee wetu nyumbani. Kwa jina la Yesu. Amina.