Mkimbiaji Aliyekutwa Kambini

Somo: Marko 2:23–28 na Yohana 13:12–15



Twaijua sote furaha ya vijana wetu wasikiapo kwamba mchezaji wa mpira mwenye jina kubwa amefika mjini. Huacha kazi zao, hukimbilia barabarani, na kila mmoja hutaka kumshika mkono au kupiga picha pamoja naye. Furaha hiyo si dhambi. Mungu ndiye aliyeipa miguu ya mwanadamu mbio, na kipawa chake chafaa kutazamwa kwa shukrani. Walakini mtu huyo huonekana kwa dakika moja tu, kisha gari lake huondoka, wala hatujui ni mtu wa namna gani asipotazamwa. Basi mwezi huu twataka kuwasimulia habari za watoto waliomkuta shujaa wa mbio pasipo kutazamia, wakakaa naye karibu mwaka mmoja na nusu, mahali pasipokuwa na taji wala washangiliaji.

Jina lake ni Eric Liddell. Alizaliwa mwaka 1902 mjini Tientsin katika nchi ya Uchina, wazazi wake wakiwa wamisionari kutoka Uskoti. Mwaka 1924 michezo ya Olimpiki ilifanyika mjini Paris, naye alitumainiwa sana na Waingereza katika mbio za mita 100. Lakini ilipojulikana ya kuwa mbio za mchujo zitakimbiwa siku ya Jumapili, alikataa kukimbia. Watu wengi wakamlaumu. Yeye hakushindana nao kwa maneno, bali alijizoeza kwa mbio za mita 400, na tarehe 11 Julai akazishinda kwa sekunde 47.6. Mwaka uliofuata, watu wakiwa bado wanamsifu, akarudi Uchina kufundisha shule na kuitangaza Injili.

Ndipo vita ikaja. Mwaka 1941 alimpeleka mkewe Kanada pamoja na binti zao wawili. Mtoto wa tatu alizaliwa huko, wala baba yake hakumwona kamwe. Mwaka 1943 Wajapani, waliokuwa wameishika sehemu ile ya Uchina, waliwakusanya wageni katika kambi ya Weihsien, watu zaidi ya 1,500 ndani ya kuta. Mwaka huo huo wakaletwa kambini watoto wa shule ya misheni ya Chefoo. Wazazi wao walikuwa mbali, na wengine walikuwa hawajawaona kwa miaka mingi. Hivyo ndivyo watoto hao walivyokutana na mshindi wa Paris.

Je, walimkuta akifanya nini? Walimkuta akichukua maji na makaa kwa ajili ya wazee wasio na nguvu. Walimkuta akiwafundisha sayansi, ingawa vitabu vilikuwa vichache. Alirarua mashuka yake apate kufungia magongo ya mpira yaliyovunjika, ili vijana wasikose mchezo. Alfajiri na mapema aliwasha taa ndogo ya mafuta ya karanga, akasoma Neno la Mungu na kuomba pamoja na mwenzake wa chumbani. Tena kulikuwa na mwanamke mmoja wa Kirusi, aliyedharauliwa na watu kwa sababu ya mwenendo wake. Liddell alimtengenezea rafu katika chumba chake. Mwanamke huyo alishuhudia ya kuwa huyu ni mwanamume wa kwanza aliyemfanyia kazi pasipo kutaka malipo ya aibu. Watoto wakamwita mjomba, na kwao jina hilo likawa kubwa kuliko medali yake.

Basi sikilizeni jambo lililotukia kambini. Liddell alikuwa ameagiza kwamba michezo aliyoisimamia isichezwe Jumapili. Lakini vijana waliona siku hiyo ni ndefu, wakatoka wenyewe kucheza mpira wa magongo, pasipo mwamuzi. Mchezo ukageuka kuwa ugomvi, wakapigana. Je, mtu aliyekataa taji la dunia kwa ajili ya Jumapili angefanya nini? Wengi wangetazamia awakemee au awanyang'anye magongo. Yeye alikwenda uwanjani Jumapili iliyofuata, akasimama katikati yao kuwa mwamuzi, wasiumizane.

Ndugu, wako watakaosema: Huyu ameigeuza nia yake, aliyoyashika Paris ameyaacha Weihsien. Sisi twasema sivyo. Kule Paris iliyokuwa mizani ilikuwa heshima yake mwenyewe, naye aliitoa kwa ajili ya Bwana. Kule Weihsien waliokuwa mizani walikuwa watoto wa watu, wasio na baba karibu wala mama, naye alitoa hata desturi aliyoipenda kwa ajili yao. Mara zote mbili aliyenyimwa ni Liddell. Na hapa ndipo penye kipimo. Mtu akiilegeza sheria ili ajipendeze mwenyewe, huyo ameivunja. Mtu akiishika sheria ili ajisifu mbele ya wenziwe, huyo naye hajaitimiza. Bwana wetu alipowatetea wanafunzi wake kati ya mashamba ya ngano, hakuidharau Sabato. Alitufundisha ilitolewa kwa faida ya nani. Na Katekisimo yetu, ielezapo amri ya tatu, yatuongoza kwanza kulipenda Neno la Mungu na kulisikia kwa furaha. Anayelipenda Neno hilo hatamwacha mtoto wa jirani apotee, ili yeye aonekane mcha Mungu.

Twalisema jambo hili kwa sababu latugusa. Katika sharika nyingi twasikia manung'uniko ya kwamba vijana huacha ibada na kwenda kwenye mpira siku ya Bwana. Manung'uniko hayo yana haki, maana roho isiyolishwa hudhoofika, na vijana hawana budi kuambiwa hivyo waziwazi. Lakini twawauliza wazee wa kanisa, na walimu, na sisi wachungaji pia: Ni nani kati yetu anayewajua vijana hao kwa majina? Ni nani aliyekwenda uwanjani siku ya Jumamosi, akakaa nao, akatazama jinsi wanavyocheza, akawapatanisha walipogombana? Kijana aliyeonywa na mtu ampendaye husikia. Kijana aliyelaumiwa kutoka mbali huenda mbali zaidi.

Liddell aliwafundisha vijana wa kambi neno jingine tena, gumu kuliko hilo, yaani kuwaombea wanaowaudhi, hata askari wa Kijapani waliowalinda. Kijana mmoja alikuwa na viatu vilivyochakaa kabisa wakati wa baridi, na Liddell akampa viatu vyake vya mbio, vilivyokuwa vimeshonwa na kutiwa viraka. Majuma machache baadaye, tarehe 21 Februari 1945, Liddell akafa kambini kwa uvimbe wa ubongo, akiwa na miaka 43. Kambi ilifunguliwa mwezi wa Agosti mwaka ule ule. Kijana yule alikwenda baadaye Japani, akahubiri Injili miaka mingi kati ya taifa lile lile lililomfunga. Viatu vilichakaa, lakini neno la kusamehe alilopokea lilikwenda mbali.

Basi, wapenzi, tusiwakataze watoto wetu kuwapenda wakimbiaji na wachezaji. Lakini tukumbuke ya kuwa wao hutukuta na sisi kila siku, tusipojua: bombani, sokoni, garini, nyumbani jioni tukiwa tumechoka. Hapo ndipo wanapojua kama tunayoyasema madhabahuni ni kweli. Yeye aliye mkuu kuliko wote alionekana na wanafunzi wake akiwa amejifunga kitambaa, na beseni la maji mbele yake, akiwaosha miguu. Aliyemwona hivyo hana haja ya kumtafuta shujaa mwingine wa kumwiga.

Ee Bwana Yesu, utupe moyo usiojitafutia sifa. Utufundishe kuishika amri yako kwa upendo, na kuwaendea vijana wetu kabla hawajapotea. Amin.