Kwa Nini Mgeni Harudi Kwao?

Huku kwetu Mutarule, katika bonde la Ruzizi, swali hili husikika mara nyingi: “Vita vya kwao vimekwisha, mbona huyu harudi?” Wengine huuliza kwa upole, wengine kwa hasira. Na swali likiulizwa kwa hasira siku nyingi, mwisho huzaa panga. Basi yatupasa tulipime kwa akili na kwa dhamiri.

Kosa letu ni kudhani kwamba jambo lililomtoa mtu kwao ndilo linalomkalisha hapa. Sivyo. Hayo ni mambo mawili.

Sababu za kuondoka twazijua. Ya kwanza ni hofu. Mwaka 1972, mauaji yalipotokea Burundi, wengi walivuka Ruzizi wakaingia upande wetu, na wengine wakakimbilia Tanzania. Mwaka 1996 ikawa zamu yetu: watu wa Uvira na Fizi walivuka ziwa kwa mitumbwi, na wengi wakapokelewa katika kambi ya Nyarugusu, mkoa wa Kigoma. Februari 2025 watu wa bonde hili walivuka tena mto kwenda Burundi, na maelfu wakalala katika uwanja wa mpira wa Rugombo. Ni nani basi kati yetu awezaye kusema, “Ukoo wangu haujawahi kuwa mgeni”? Sababu ya pili ni kazi. Kiwanda cha sukari cha Kiliba, kabla hakijasimama kwa vita vya 1996, kiliwavuta watu kutoka mbali, wala hawakufukuzwa na mtu.

Sasa tutazame sababu za kukaa. Tumfikirie mtu mmoja aliyekimbia. Mwaka wa kwanza analala mzigo wake umefungwa, na anapanda maharage tu, maana huvunwa upesi. Mwaka wa pili anathubutu kupanda muhogo. Baadaye anapanda mwembe, na mwenye kupanda mwembe amekwisha kuwafikiria wajukuu. Mtoto anazaliwa, anabatizwa, jina lake linaandikwa katika kitabu cha parokia. Binti anaolewa kwa jirani. Kisha mama mzee anakufa, naye anazikwa hapa hapa. Tangu siku hiyo, kwao mtu huyu ni wapi? Hofu ndiyo iliyomtoa, lakini si hofu inayomkalisha. Hofu huweza kwisha siku moja, kaburi halihami.

Abrahamu alilijua jambo hili. Alikuwa mgeni katika Kanaani, na Sara alipofariki wenyeji walikuwa tayari kumpa mahali pa kuzika bure. Hakukubali, alinunua shamba na pango lake kwa bei kamili. Mgeni yule alianza kuwa mwenyeji kwa kaburi, tena kwa haki.

Majirani zetu wa Tanzania nao wametufundisha. Wale Warundi wa 1972 walipoambiwa wachague kurudi au kubaki, walio wengi walichagua kubaki, na kufikia mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000, wao na watoto wao, walikuwa wamekubaliwa kuwa raia. Je, ni karatasi iliyowafanya wenyeji? Hapana. Karatasi iliandika tu yale ambayo jembe lilikuwa limekwisha kuyaandika kwa miaka 40.

Huenda msomaji akapinga: “Wahenga walisema, mwacha asili ni mtumwa. Asiyerudi hawadharau wazazi wake, na kuivunja Amri ya nne?” Neno hili ni zito. Tujibu hivi: Familia Takatifu ilikimbilia Misri, kisha ikarudi kwao, mwaka 1952 Baba Mtakatifu Pio XII aliiweka kuwa kielelezo cha wakimbizi wote. Lakini Ruthu, mwanamke wa Moabu, hakurudi kwao, wala Maandiko hayamlaumu. Yumo katika ukoo wa Bwana wetu. Basi kurudi ni kwema, na kubaki kwaweza kuwa kwema. Asili si udongo peke yake. Anayewafundisha watoto adabu za wazee wake, na kuwaombea wafu wake popote walipolala, huyo hakuacha asili.

Lakini kubaki kuna masharti. Twasema, “Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe.” Twapenda kuitumia methali hii kumcheka mgeni mvivu, tukisahau kwamba yatuamuru sote wawili. Mgeni alichukue jembe, alime, aheshimu mipaka na desturi, wala asilete ugomvi wa kwao. Mwenyeji naye alitoe jembe kwa moyo; na kumpa mtu jembe huku ukimnyima pa kulima ni kumdhihaki.

Najua bonde letu ni jembamba, na ng’ombe na mashamba hugombana kila kiangazi. Najua pia neno lililo chungu zaidi. Usiku wa tarehe 6 Juni 2014, hapa Mutarule, watu wasiopungua 30 waliuawa, na kati yao walikuwamo wanawake na watoto. Aliyezika watu wake usiku ule tusimwambie asahau. Ana haki ya kudai hukumu. Lakini hukumu humdai muuaji, haiwadai watu wa lugha yake. Ng’ombe akila mahindi, tuulize ni ng’ombe wa nani, mwenyewe alipe. Tusiulize babu yake alizaliwa ng’ambo ipi ya mto.

Tarehe 18 Agosti 2024, mjini Uvira, Kanisa liliwatangaza wenyeheri wanne waliouawa Baraka na Fizi mwaka 1964: Wamisionari Waksaveri watatu kutoka Italia, pamoja na Padri Albert Joubert, ambaye baba yake alikuwa Mfaransa na mama yake Mwafrika wa nchi hii. Siku ile hakuna aliyeuliza mbona hawakurudi kwao. Tuliimba, tukawaita wenyeheri wetu. Basi jirani aliyepanda mwembe wake karibu na wetu, naye tumwite wetu angali hai.